Salamu Ambayo Hatukukurudishia

Mama Tumpe,

Sweta lako la kijani bado linaning'inia nyuma ya mlango wa ofisi ya wodi. Hakuna aliyethubutu kulitoa. Baridi ya huku unaijua, lakini tunatetemeka tukilitazama tu.

Nimechoka, mama. Siyo kuchoka kwa kulala siku ya mapumziko ukapona. Wiki iliyopita nilimfokea mzazi mmoja wa Lufingo kwa sababu aliniuliza mara mbili mwanawe ataruhusiwa lini. Mara mbili tu! Na aliyeomba msamaha ni yeye. Nikaingia stoo ya mashuka nikalia, halafu nikarudi kubadilisha dripu. Jioni ile nikaandika barua ya kuacha kazi.

Tangu tukuzike Kinyala, ripoti ya asubuhi inaanzia kitanda namba moja. Wewe hukuanzia hapo. Ulikuwa unamgeukia anayekabidhi zamu, unamuuliza kwa Kinyakyusa amelalaje. "Mugonile?" Na ole wake ajibu salama kwa mazoea. Unaweka kalamu chini. "Nakuuliza wewe, siyo wodi." Mwanzoni niliona unatupotezea muda, niseme ukweli. Mpaka asubuhi ile baada ya mapacha wa Ibighi kufariki mikononi mwangu, nikakujibu kwamba sitaki kumwona mtoto mwingine. Hukunihubiria. Ulinimiminia chai ya maziwa kwenye kifuniko cha chupa yako. "Kunywa kwanza. Vitanda havikimbii." Ukanipanga kuchemsha vifaa siku mbili, mbali na watoto. Siku ya tatu nilirudi wodini mwenyewe, bila kuitwa.

Sasa linaloniuma. Asubuhi yako ya mwisho ulishika fremu ya mlango kabla ya kukaa. Niliona. Ulikuwa unajifuta jasho kwa kanga wakati sisi tumejikunyata. Ukauliza swali lako, tukajibu mmoja mmoja, hata tukacheka. Salamu ya kwetu hurudishwa, mtoto mdogo anajua hilo. Sisi tulikueleza shida zetu miaka yote, tukainuka kwenda kazini. Wauguzi wazima, mama, tunapima presha za watu kutwa nzima, na yako hatukuiuliza. Kabla ya saa sita ulianguka.

Nisamehe.

Leo aliyekabidhi zamu ni Neema. Alianza na kitanda namba moja, sauti ikamkatika. Nikajikuta nimeweka kalamu chini. Nikamuuliza. Alilia mpaka chai ikapoa. Kisha akajipangusa pua, akanitazama. "Na wewe, Atupele, umelalaje?"

Nilitaka kusema salama. Ilishafika mdomoni kabisa. Nikasema sijalala, na kwamba nina barua mfukoni.

Hakuna muujiza uliotokea. Bado tuko watatu kwa wodi nzima, na paa la stoo linavuja palepale. Ila Neema, badala ya kwenda nyumbani kulala, amechukua vitanda vyangu vya mwisho ili nikae kidogo, na ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Barua ile sijaichana. Nimeitia kwenye mfuko wa sweta lako, ikae hapo kwanza.

Siwezi kukuahidi kwamba sitaondoka. Ninachokuahidi ni hiki: maadamu niko hapa, hakuna atakayeuliza wenzake asubuhi halafu yeye asiulizwe.

Pumzika, mama. Nimechelewa sana, najua, lakini acha niulize.

Mugonile, Mama Tumpe?

Atupele