Msaidizi Ulimtoa Wapi?

Mpendwa Atu,

Hilo "mpendwa" limetoka kwa mazoea tu, usilishike sana. Nina hasira na wewe, na safari hii sitaimeza.

Unakumbuka mazoezi yetu ya kufundisha kule Ngonga? Mvua inapiga bati, sisi wawili tumeinamia andalio moja la somo, sahani ya ndizi katikati. Tulivyokuwa tukigombana! Mimi naandika, wewe unafuta; wewe unaandika, mimi nanuna. Ndipo ukasema, "Gwe, mmoja aongee, mwingine akae nyuma na watoto. Mtoto akipotea, huyu wa nyuma asimamishe somo, na hakuna kununiana." Wazo lilikuwa lako, Atu. Nililipenda, na siku zile nilikupenda wewe kuliko hata ndugu zangu.

Kwa somo la ujazo nilibeba vyungu viwili vya mama kutoka kwetu ziwani, kimoja kirefu, kingine kifupi kinene. Tulipanga watoto wabishane kwanza kipi kinabeba zaidi, wajaze mchele, wapime, ndipo tuandike ubaoni. Akaja mkufunzi kutupima. Ulipomwona tu, ukauparamia ubao! Vyungu hata hukuvigusa. Mimi nilikuwa nyuma na mwanafunzi mmoja, Gwamaka, ananakili huku ananinong'oneza, "Mwalimu, ujazo ndiyo nini?" Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, huku bado."

Nawe, mbele ya darasa zima: "Mwalimu msaidizi, subiri nimalize."

Msaidizi! Msaidizi ulimtoa wapi? Nikakusanya vyungu vyangu. Njiani ukaniomba radhi huku unacheka, nami nikasema yaishe.

Kumbe hayakuisha. Sasa wewe ndiye mkufunzi, hongera zako, na wanachuo wako wawili wako shuleni kwangu hapa Ipinda. Wiki iliyopita niliingia kwenye kipindi chao. Kijana anamwaga maneno mbele, binti kasimama pembeni kama mwavuli wa mgeni. Karibu yake kuna mtoto anafuta jibu mpaka daftari limetoboka, na binti anamwona! Baadaye nikamuuliza, mbona hukusema? Akajibu kwa adabu kabisa, "Mkufunzi wetu ametufundisha kwamba mwalimu msaidizi hakatizi somo."

Atu, neno lile la kunidhalilisha mimi ningekufa nalo moyoni. Lakini umeligeuza kuwa somo! Unawafundisha walimu kumtazama mtoto anapotea, wafunge midomo, waite hiyo heshima. Hata aibu huoni?

Najua Jumatatu unakuja kuwapima. Karibu, chakula kitakuwepo. Ila nimeshamwambia yule binti: ukiona mtoto hajaelewa, simama useme, hata mkufunzi akiwa amekaa hapo na kalamu yake. Alilia. Anaogopa utamfelisha. Basi nimemwahidi kwamba akishindwa kusema yeye, nitasimama mimi. Nitakuwa nimekaa nyuma, pamoja na watoto, na ukiniambia nisubiri, sitasubiri.

Tuonane darasani.

Mwalimu mwenzako