Boksi la Herufi

Jumatano, Nachingwea

Na bado nina hasira, ingawa chai ya mama nimeinywa yote.

Mtihani wa utangulizi wa kompyuta ni kesho asubuhi. Chuoni mashine ni chache, tunapokezana, na zamu yangu huisha nikiwa bado natafuta herufi. Ndiyo maana nilichora kibodi kwenye kipande cha boksi, nikawa nagonga hapo kila jioni. Leo nimerudi, boksi halipo. Mama, aliyekuja juzi kutoka Mbekenyera kuniletea ufuta, amelitumia kuwashia moto.

"Si lilikuwa limechorwachorwa, mwanangu? Nikajua watoto wa jirani wamelichezea."

Ningefungua mdomo ningemkosea adabu. Nikakaa mkekani nikiwaza nikifeli nitamwambia nini, yeye aliyeuza korosho nisome...

Vidole vikaanza kugonga mapajani vyenyewe. Nikashtuka. Vilikuwa vinajua pa kwenda, bila boksi.

"Sasa unafanya nini hapo?" mama akauliza.

"Naandika jina lako."

Mama hajui kusoma. Akasogea, akavitandaza viganja vyake mbele yangu. "Gongea hapa, nilisikie."

Nikamgongea Somoe, taratibu: kushoto, kulia, chini, kulia tena, kisha kushoto.

Akacheka kama msichana. "Kumbe jina langu linatembea!"

Sehemu za mashine bado nazichanganya, siwezi kujidanganya. Lakini kesho vidole vikiganda, nitavianzisha kwa jina hilo, kisha nilifute kabla msimamizi hajaliona.