Hedifoni Juu ya Vipuli

Kirongwe, Mafia
11 Februari 2024

Afrah, mke mwenzangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kwa mkono wa Mansuri wa bodaboda. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamekataa kazi. Wewe na mumeo mu wazima? Yasir anakula? Mwanamume yule ukimtazama utadhani kafunga mwaka mzima.

Barua nimeisoma mwenyewe. Mimi sikusoma ila ngumbaru, lakini herufi nazijua zote. Ule ujumbe uliotuma kwenye simu ya Mansuri usirudie. Kabla haujanifikia mimi, muuza samaki alikuwa ameshausikia. Na usinipigie. Mimi sauti isiyo na uso siijibu. Andika, funga bahasha, mpe mtu wa boti, Mansuri ataipokea Kilindoni.

Unasema umepata kazi ya kupokea simu za watu ambao ving'amuzi vyao vimekata picha. Kutwa wanakufokea sikioni, nawe unawashukuru kwa kupiga. Haya, ni kazi.

Lakini la vipuli nakukumbusha, kwa kuwa najua mji. Vile ni vya mama yako Zubeda, viwili kila sikio, pale juu. Siku aliyofariki nilivitoa kwa mkono wangu kabla hajaoshwa, nikakuvisha wewe, ukaapa mbele yake kwamba hutavivua. Na mwanamke mwenye mume hai haweki masikio matupu. Masikio matupu ni ya mwenye eda.

Bibi yako,
Bimkubwa


Temeke
27 Februari 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Magoti yamepata dawa? Yasir anakula, tatizo chakula hakimkai mwilini. Anakusalimia.

Bibi, nina shida. Kazini tunavaa hedifoni, ile ya kichwani yenye maiki inayokuja mbele ya mdomo. Naivaa tangu asubuhi mpaka jioni, naivua nikienda kuswali na kula tu. Za ofisini ni nyepesi, ila zinabana kama kibanio cha nguo, na zinabana juu ya vipuli. Nikirudi nyumbani siwezi kulalia sikio la kulia. Msimamizi wetu, anaitwa Muna, ameniambia nivue vipuli au nilete hedifoni yangu.

Nimekwenda Kariakoo kwa muuzaji mmoja, Iddi. Anazo aina tatu. Ndogo ya sponji, inayokaa juu ya sikio. Kubwa, ambayo pedi yake inafunika sikio zima. Na ya kuchomeka ndani ya sikio, lakini maiki yake iko kwenye waya, inasuguana na ushungi, mteja anasikia kama mtu anakwangua sufuria.

Ila Bibi, lililo rahisi kuliko yote ni kunipa ruhusa. Nivue saa za kazi tu, nikitoka navaa. Sitaki kuvunja kiapo bila wewe kujua.

Mjukuu wako,
Afrah


Kirongwe
9 Machi 2024

Afrah,

Salamu zenu zimefika. Magoti yako vile vile, usiniulize tena.

Hapana. Ndiyo jibu la ruhusa.

Sasa sikiliza la kununua, maana naona mnanunua vitu kwa macho. Hicho kidude ni ngata. Nimebeba mapakacha ya nazi kichwani miaka arobaini, hakuna wa kunifundisha kitu cha kukaa kichwani. Ngata haipimwi kichwa kitupu, inapimwa na mzigo. Ivae ukiwa na ushungi wako na vipuli vyako, ukae hapo dukani kwa Iddi mpaka akuchukie. Ikikuuma kabla hajakuchukia, irudishe. Huo mkono wa maiki upinde mara ishirini, ukilegea si kitu. Uvute waya pale unapoingia kwenye kidude, maana kamba yoyote hukatikia penye fundo. Na iliyo laini sana iogope. Nilipokuwa mwari nilifanya ngata ya kitambaa kipya, laini kama mkate. Siku ya tatu utosi ulichubuka. Ya majani makavu ya mgomba haikunichubua hata siku moja.

Chukua hiyo inayofunika sikio zima, ivipite vipuli bila kuvigusa. Vipuli havina kosa. Mama yako alivivaa akipika, akilima, akizaa.

Na nisikie umevivua bila idhini yangu, radhi zangu usizitafute, si hapa wala kesho mbele ya Mungu. Nimeandika kwa mkono wangu, usije ukasema Mansuri kachanganya.

Bibi yako,
Bimkubwa


Temeke
2 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi si mzima sana.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilikaa kwa Iddi mpaka akaniuliza kama nimehamia. Nikachukua ile kubwa. Maiki nimeipinda mara ishirini, imesimama. Yasir aliponiona alisema ameoa rubani. Wiki za kwanza nilikuwa nakuombea dua kila nikiivaa, wateja wananisikia vizuri, hata Muna akaiazima akasema atanunua kama hiyo. Ni imara kweli, Bibi. Imeanguka mara nyingi na haina hata ufa.

Ila pedi zake ni za ngozi ya bandia, na ofisini feni ni moja. Sikio linachemka humo ndani kwa jasho. Sikio likivimba kidogo tu, kile kipuli cha juu kabisa kinagusa pedi, na pedi inakisukuma ndani. Sasa limekuwa jekundu na linatoa usaha. Usiku nasikia moyo wangu unapiga ndani ya sikio.

Nimekwenda zahanati. Daktari anasema nivue leo, si kesho. Anasema pale juu si nyama, ni gegedu, na gegedu likishaoza halirudi. Nikamwambia nasubiri neno la bibi yangu. Akanitazama, akaandika dawa.

Jana nilipiga kwa Mansuri, akaniambia umekataa kushika simu. Nimemwomba akikuletea barua hii asiondoke mlangoni mpaka umpe jibu. Andika neno moja tu. Naogopa radhi zako kuliko sikio.

Mjukuu wako,
Afrah


Temeke
21 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo.

Nilikaa hospitali siku kumi na saba. Sikuandika kwa sababu sikuweza, na kwa sababu nilikuwa bado nangoja barua. Mansuri alisema umemwambia hakuna jibu. Nikasema labda hukuwa na karatasi.

Wamekata sehemu ya juu ya sikio la kulia. Kusikia nasikia, namshukuru Mungu. Nikifunga ushungi mtu hajui. Yasir ndiye anayenisafisha kidonda, na sasa kweli hali chakula.

Sikuvua mimi, Bibi. Nataka ulijue hilo. Nilikuwa na homa, sijitambui, na muuguzi ndiye aliyevua. Yasir shahidi. Kama radhi zinaondoka hata kwa mkono wa mtu mwingine, niambie nijue.

Jumatatu narudi kazini. Nimekwenda tena kwa Iddi nikachagua ya sikio moja. Spika inakaa kushoto, ila upande wa kulia kuna kipande cha kushikilia kichwa, kinatua pale pale palipokatwa. Nimekishonea ngata ndogo ya pamba. Siyo laini sana.

Vipuli vyote vinne vimo humu kwenye kitambaa. Kimoja hakina pa kukaa, na sikutaka kuvitenganisha.

Afrah


Kirongwe
1 Julai 2024

Afrah, mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Ningependa nisiwe.

Vipuli nimevipokea. Vyangu pia nimevivua, nimevifunga pamoja. Jirani yangu Umi kaja kuniuliza nani kafa. Nimemfukuza.

Nitakwambia bila kuzunguka, maana sijui njia nyingine. Karatasi nilikuwa nayo. Mansuri alipoleta barua yako ya Mei alikaa barazani kama ulivyomwagiza. Niliisoma mara mbili, nikaandika jibu, nikalikunja. Nikasimama kumpa. Akaniambia, "Bibi, Afrah alisema utakubali tu, mpaka daktari kashasema." Nikakasirika. Nikasema kumbe ni mimi wa kubembelezwa, na neno la daktari ndiyo neno. Nikaona ngoja anisubiri wiki moja ajue mimi ni nani. Nikamwambia hakuna jibu. Jibu nikalitia chini ya godoro, nikalilalia.

Wiki moja ikawa mbili. Kila siku nikisema kesho. Nilijua utavua tu, watoto wa siku hizi wanavua. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kukusamehe. Sikujua nimemlea mtu wa kunisikiliza kiasi hicho.

Nawe umekuwa mjinga, Afrah. Bibi akikwambia ushike kaa la moto, unashika?

Usinijibu kama hutaki. Mansuri nimemwambia asikusumbue kuuliza. Kama utapiga simu, nitaishika.

Ile karatasi naitia humu kama ilivyo. Tarehe sikuibadilisha.

Bibi yako,
Bimkubwa


Kirongwe
5 Mei 2024

Afrah,

Vua. Vua sasa hivi, usimalize kusoma. Radhi zangu unazo, na za mama yako nakuchukulia mimi.

Bibi yako