Goti la Desderi

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekata kwato za ng'ombe watatu kabla ya chai. Mmoja kanipiga teke la paja. Nimestaafu ubwana mifugo miaka mitatu sasa, ng'ombe hawajapewa taarifa.

Mchana kijiweni, kwenye mashine ya kusaga ya Kastori, hapa Majengo. Kastori ndiye mwenyekiti wa mashabiki wa timu yetu, Nyundo, na ana sauti inayoishinda mashine yake. Ubishi ule ule wa wiki nzima. Nafasi ya usajili imebaki moja, dirisha linafungwa Jumatano ijayo. Kuna Desderi, kijana wa Ilemba, kiungo, kamaliza chuo cha ualimu juzi tu. Anapiga pasi mpaka unawaonea huruma mabeki. Lakini goti lake la kulia lilimlaza mara mbili akiwa chuoni. Na kuna mshambuliaji wa Laela. Huyo haumwi hata mafua. Hafungi pia.

Nusu wanamtaka Desderi. Nusu wanasema tumechoka kusajili wagonjwa. Nusura wakunjane mashati. Mwisho Kastori kapiga meza: Daktari alitazame hilo goti, atakalosema ndiyo basi.

Daktari ni mimi. Mwaka wa sita huu nabeba mkoba wa dawa wa timu. Hakuna anayekumbuka kwamba nilisomea ng'ombe. Mimi mwenyewe huwa sikumbuki sana.

Jumatano, 13 Novemba

Wameniletea goti. Wamemleta Desderi, lakini watu wote macho gotini. Kijana mrefu, mpole, anaamkia kila mtu. Tumemlaza juu ya magunia ya pumba. Kastori kazima mashine, mchana kweupe, wateja wamepanga foleni na ndoo zao. Mlango umejaa vichwa.

Nimelishika. Halina joto. Halijavimba. Nimelikunja, limekunjika vizuri. Kisha nikashika muundi kwa mikono miwili nikauvuta mbele, kama ninavyomfanyia ndama anayechechemea.

Ukaja. Kidogo tu, upana wa punje ya hindi. Lakini ulikuja, na haukutakiwa kuja.

Desderi alikuwa ananitazama. Alijua. Akajua kwamba nimejua.

Nikasema goti ni zima.

Wamepiga kelele hadi wapita njia wamesimama. Kastori kanikumbatia, nikajaa unga. Nimerudi nyumbani natembea kwa maringo. Ndiyo, naandika hivyo hivyo, kwa maringo. Miaka thelathini na moja serikalini, hakuna aliyewahi kuzima mashine ili anisikilize mimi.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo baadhi ya mashabiki wameshauri apelekwe Mbeya, kwenye hospitali kubwa, apigwe picha ya maana. Ndio wale wanaomtaka yule wa Laela. Kastori kawajibu, "Daktari tunaye, Mbeya tukafuate nini?" Wote wakageuka kunitazama mimi.

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikatoa wazo langu: ateremke mlima kutoka huku juu hadi kwao Ilemba, kwa miguu, na debe la mahindi begani. Goti bovu haliwezi kuficha kitu kwenye mteremko ule, nikawaambia. Wamelipenda wazo. Mpaka wapinzani wamelipenda.

Mke wangu Anastazia kaniuliza mbona sili. Nimemwambia maharage yana mawe. Uongo. Maharage yake hayajawahi kuwa na hata jiwe moja.

Jumamosi, 16 Novemba

Kashuka. Debe begani, mawe yanateleza, jua kali, joto la bonde linampanda usoni. Sisi tumezunguka na pikipiki, tumemsubiri chini. Amefika anatembea sawasawa, hachechemei hata kidogo. Vijana wamembeba juu juu.

Mama yake katupokea kwa togwa. Mjane, mdogo wa umbo, anacheka kwa kuziba mdomo. Katuonyesha shamba la mahindi nyuma ya nyumba, bado halijalimwa. Anamngoja Desderi alime mvua ikikolea. Hana mwingine.

Masanja naye alikuwepo. Ni mfugaji, kwao walihamia hapa kutoka Usukumani zamani, na maksai wake ndio wanaowalimia nusu ya watu. Mtu wa maneno machache. Wakati wote wanashangilia, yeye kauliza swali moja tu: "Mbona hamjamgeuza?"

Wamecheka. Mimi nimecheka kuliko wote.

Sasa niandike, maana humu hamna wa kunisoma. Maksai mwenye goti lililolegea huvuta plau vizuri mstari mzima. Hutaona kitu. Anaanguka mwisho wa shamba, pale unapomgeuza. Nimeliona hilo mara ishirini na zaidi. Masanja analijua. Mimi nimelijua kabla hata sijautaja mteremko. Nilichagua njia iliyonyooka kwa sababu nilitaka afaulu.

Jumatano, 20 Novemba

Kasajiliwa saa tano asubuhi. Kapigwa picha na jezi. Kastori kagawa soda.

Yule wa Laela kasajiliwa na timu ya kwao. Tunacheza nao tarehe thelathini.

Mvua bado. Mawingu yanakuja kila mchana, yanasimama, yanaondoka. Ukungu wa asubuhi umekuwa mzito. Mifupa yangu inauma na roho yangu haijatulia.

Jumamosi, 23 Novemba

Mazoezini. Pasi zake, jamani. Watu wamekuja na watoto kumtazama.

Nimemtazama miguu tu. Hageukii kulia. Akipokea mpira upande ule, anazunguka kushoto duara zima, au anautoa kwa mguso mmoja. Watu wanasema ni ufundi. Ni woga. Anauficha kwa akili sana.

Masanja kasimama ng'ambo ya uwanja, kaegemea fimbo yake. Hakunisalimu.

Alhamisi, 28 Novemba

Desderi kaja nyumbani, peke yake. Kaleta kikapu cha unga wa ulezi. Mama yake kautuma, kunishukuru kwa "kumsimamia mwanangu". Anastazia kafurahi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tumekaa uani. Kaniomba Jumamosi nimfunge bandeji, lakini kwa ndani, chini ya soksi ndefu, isionekane. Nikamuuliza linamsumbua? Kasema, "Kidogo tu, Daktari. Lakini wewe si umeshasema ni zima?"

Aliuliza huku anacheka, lakini aliuliza kweli. Alikuwa anataka nimwambie asicheze. Au alitaka nimwambie acheze, sijui. Nimemwambia awahi, nimfunge vizuri.

Mimi ni mtu mzima ovyo kabisa.

Jumamosi, 30 Novemba

Dakika ya thelathini na moja.

Mpaka hapo alikuwa kashatoa pasi ya bao. Uwanja mzima unaimba jina lake. Mpira ukaja kulia kwake, hewani, beki yuko mbali, nafasi wazi. Safari hii hakuzunguka. Nadhani alisahau. Nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa na raha, akasahau.

Akakanyaga, akageuka.

Hakuna aliyemgusa. Alikaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Kisha akapiga ukelele ambao sitaki kuuandika.

Nimekimbia na mkoba. Mkononi nina dawa ya kupulizia, bandeji na chupa ya maji. Nimepiga magoti pale nikaona mikono yangu haina kazi. Kanishika shati.

Tumetoka sare, bao moja kwa moja. Mvua ilianza wakati gari linamchukua.

Jumapili, 1 Desemba

Baada ya misa watu hawakwenda nyumbani. Vikundi vikundi nje ya kanisa.

Neno lao ni moja: hakuna aliyemgusa. Mtu hawezi kuvunjika hivi hivi, uwanja mkavu, beki yuko hatua sita. Kafanyiwa. Nimesikia hayo maisha yangu yote hapa, mtu akijikwaa tu karogwa. Nimeona aibu kwamba leo nimeyasikia nikapumua. Maana hakuna aliyesema Daktari.

Kisha nikamsikia Kastori. Anauliza watu: nani alisema Ilemba kwamba hatujamgeuza? Na kijana kaumia anafanya nini? Si anageuka? Masanja alijuaje?



Jumanne, 3 Desemba

Hospitalini. Goti limekuwa kubwa kama boga. Daktari wa kweli, binti mdogo ana miwani, kavuta muundi mbele kama nilivyofanya mimi. Kasema kano ya ndani imekatika, na ilikuwa imelegea tangu zamani, mtu yeyote mwenye mikono angeihisi. Kauliza nani alimruhusu kucheza.

Desderi kasema, "Nilijiamulia mwenyewe."

Mimi nimesimama pale pale, na mkoba wangu begani.

Alhamisi, 5 Desemba

Mke wa Masanja kaenda kusaga leo. Kastori kamrudisha na mahindi yake. Ndoo kichwani, mtoto mgongoni, watu wanamtazama tu. Kuna mtu kamtemea mate miguuni. Nilikuwa kwenye benchi. Nimeona kila kitu.

Vijana wanasema Jumamosi wataenda kwa Masanja "kumuuliza". Wanalisema neno hilo taratibu, wanatazamana. Nawafahamu vijana hawa. Nimewafunga vidole na vifundo vyao. Wawili wamekuja kijiweni na mapanga, eti wametoka shamba. Hawajatoka shamba.

Anastazia kaniuliza kwa nini Masanja aliyasema yale. Nimemweleza. Ya maksai, ya kugeuka, ya punje ya hindi. Yote. Kanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua maharage. Kisha kasema, "Kwa hiyo unangoja wamuue?"

Naogopa. Naandika neno hilo wazi: naogopa.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimekwenda kijiweni saa nne, watu wakiwa wengi. Nimemwomba Kastori azime mashine. Kazima haraka, akidhani nimeleta habari za goti. Nilikuwa nimeleta.

Nimewaambia. Niliushika mguu, ukacheza, nikasema ni zima. Nilichagua mteremko kwa sababu nilijua haugeuzi. Masanja alijua kwa sababu ana ng'ombe. Mimi nilijua kwa sababu hiyo hiyo, maana mimi ni bwana mifugo, si daktari, na hapa hakuna asiyejua hivyo.

Unga unaelea tu. Mtu mmoja nyuma kacheka, kisha kaona wenzake hawacheki. Kijana mmoja kasema nimelipwa na Laela. Mwingine kaniita mzee muuaji. Kastori hakupaza sauti. Hilo ndilo lililoniumiza. Kanivua mkoba begani, kwa mikono yake mwenyewe, kausimamisha juu ya mizani, kasema niondoke kwake.

Nimetoka. Mashine haikuwashwa mpaka nilipofika kona.

Kutoka pale nimekwenda kwa Masanja. Nimemweleza na yeye. Hakunishukuru, na sikutegemea. Kaniuliza tu, "Siku ile ulicheka nini?"

Nikabaki natazama ng'ombe wake. Kanikaribisha kiti hata hivyo.

Jumapili, 8 Desemba

Vijana hawakwenda jana. Mke wa Masanja kasagiwa leo, Kastori kamsagia mwenyewe. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi kubwa pande zote mbili.

Hakuna aliyeniletea ng'ombe wiki hii.

Jumamosi, 14 Desemba

Ilemba. Mvua imelainisha udongo. Masanja kanipa maksai wawili na plau, kanionyesha yupi anavuta kushoto, kaenda zake. Sijashika plau tangu nikiwa kijana. Miaka sitini na mitatu, mgongo unalia kama bawaba.

Mama Desderi hakucheka leo. Kaniletea maji, kaweka kikombe juu ya kichuguu, karudi ndani.

Desderi alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba, juu ya gunia, mguu kaunyoosha, magongo pembeni. Nilimwamkia mimi kwanza. Kaitikia. Mistari mitatu ya kwanza alinitazama tu. Nilikuwa napindisha, naona aibu, narekebisha. Mwisho wa mstari wa nne nikawavuta maksai kwa nguvu, kwa haraka ya kumaliza.

"Mzee," akasema. "Wageuze taratibu."

Nikawageuza taratibu. Mguu kwa mguu, mpaka wote wawili wakasimama sawa kwenye mstari mpya.

Tumefika nusu ya shamba. Iliyobaki nitailima Jumatatu.