Roshani ya Mke Wangu Ina Komeo kwa Ndani

Kwa Mama Kajuju, mshauri wa wasomaji,

Sijapata kuandika barua ya namna hii, na kwa miaka thelathini na mitatu niliyofundisha nilikuwa nikiwakanya walimu wenzangu wasianike mambo ya nyumbani magazetini, lakini sasa yamenifika shingoni, na Jumamosi ijayo fundi anakuja na nyundo na msumeno, kwa hiyo naomba msaada wako kabla ya siku hiyo.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa hapa Manyatta, Embu. Mimi na mke wangu Regina tumeishi pamoja miaka thelathini na minane bila ugomvi wa kusikika barabarani. Mwaka jana, 1996, binti yetu Alice Igoki, ambaye ni muuguzi ng'ambo, alishirikiana na mumewe wakatulipia safari ya siku saba katika meli ya kitalii, kutoka Mombasa hadi Shelisheli na kurudi, na si katika chumba cha kawaida, bali katika chumba chenye roshani yake, yaani kibaraza kidogo kilichotokeza juu ya maji, chenye mlango wa kioo, viti viwili na meza, ambacho abiria mwingine hawezi kukikanyaga. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Mimi nilidhani tutaizunguka meli, tutajuana na watu, tutajua nahodha ni mtu wa wapi na ana watoto wangapi, lakini Regina aliufungua ule mlango wa kioo asubuhi ya kwanza, akaketi, akaweka miguu juu ya reli, yeye ambaye sijapata kumwona ameweka miguu juu ya kitu chochote, akaletewa chai katika sinia, akawa anatazama samaki warukao na maji yanayopasuka ubavuni mwa meli, na hakuondoka pale ila kwa kula na kulala. Siku tuliyokaribia Shelisheli, abiria wengine walipokuwa wakisukumana juu ya sitaha ili wakione kisiwa, yeye aliniambia, "Baba Igoki, keti tu, kinakuja chenyewe." Kisha akasema, "Tangu nizaliwe hakuna kitu kilichowahi kunijia nikiwa nimeketi." Nilimwambia hiyo si hoja, nikapanda sitahani.

Wala si yeye peke yake aliyekuwa hivyo. Roshani iliyopakana na yetu ilikuwa ya mzee mmoja Mjerumani na mkewe, nao walikaa humo tangu asubuhi hadi adhuhuri, kila mmoja na kitabu chake, hatua mbili kutoka kwetu, bila hata kutuuliza tumeamkaje. Mimi nimelelewa vizuri. Siku ya pili nilipitisha kichwa na mkono kando ya kiambaza kilichotutenga, nikamsalimu kwa Kiingereza fasaha na kumwuliza hali ya watoto wake, naye akashtuka akaimwaga kahawa yote juu ya kitabu. Regina alinivuta koti akasema, "Mwache mwenzio. Umemfuata hadi kitandani." Siku ya tatu nilikutana na mtu wetu wa Runyenjes aitwaye Kinyua, afanyaye kazi ya kufua nguo melini, nikamleta yeye na wenzake wawili waione roshani, ingawa alikuwa akisema, "Mzee, huku haturuhusiwi, tutafutwa," nami nikamjibu kwamba hakuna sheria imzuiayo mtu kumpa chai mtoto wa nyumbani. Regina alikuwa na taulo kichwani, akajifungia bafuni mpaka walipoondoka. Sikuona kosa lolote.

Tuliporudi nyumbani nilidhani yamekwisha. Mwezi wa pili mwaka huu, kwa fedha zake mwenyewe, alimwita Mutembei fundi seremala, akamwambia aliondoe dirisha la chumba chetu cha kulala aweke mlango, kisha ajenge jukwaa la mbao za mti wa mukima juu ya nguzo, likitokeza kule nyuma ambako ardhi inateremka kuelekea kahawa na mto, lenye reli na viti viwili. Mama, nyumba yetu ni ya mawe na mabati, haina ghorofa, sasa ina roshani! Jirani yangu Mbaka aliposimama njiani na kuitazama, aliniuliza, "Mwalimu, hiyo ni mimbari ama ni nyumba ya kuku?" Nilimwambia ni roshani. Akasema, "Sawa. Ikianza kutaga utuambie."

Lakini kazi ya fundi ilikuwa nzuri, siwezi kukana, na ukisimama pale asubuhi isiyo na mawingu utauona mlima wote hadi kwenye theluji, na chini utauona mto, kwa hiyo siku iliyofuata niliwaleta wazee sita wa kamati ya shule waje waione, akiwemo Mzee Mwaniki, baba mkwe wa Alice, tukapita chumbani, nikawaeleza mambo ya meli kwa muda wa saa moja na nusu hivi, wakafurahi sana. Jioni hiyo Regina alimwita Mutembei tena, akaweka komeo kwa ndani, yaani upande wa roshani.

Tangu siku hiyo, kila siku kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, na tena saa kumi jioni hadi jua linapozama, mke wangu yuko nyuma ya komeo. Wanawake wa kanisa wanakuja, wanapiga hodi, wanasema, nami nawanukuu kama walivyosema, "Mwalimu, Mama Igoki ako wapi?" Nikimwita kupitia mlangoni anajibu, "Waambie nimesafiri." Mimi, mzee wa kanisa, nasimama mbele ya mama wanne waliovaa vitambaa vya Jumapili, na nyuma ya nyumba kikombe kinasikika kikigonga sahani, nasema, "Amesafiri." Kisha nawapikia chai mwenyewe, na wiki iliyopita niliisahau sukari, wakainywa kimya kama watu walio matangani.

Nilitaka kujua anafanya nini huko. Nilishuka kwenye kahawa na mkasi, nikajifanya napogoa, nikainua macho. Hafanyi kitu, Mama Kajuju! Hafumi kiondo, hachambui maharagwe, haombi, halali. Ameketi tu, mikono juu ya magoti, na kiti cha pili kiko kando yake kitupu. Kwa nini atengenezewe viti viwili ikiwa haruhusu mtu kuingia? Huo ni uharibifu wa mbao. Naye aliniona, akasema kutoka huko juu, "Mwalimu, huo mbuni unaupogoa tangu juzi. Sasa umebaki kijiti."

Jumatatu nilimwambia nitaibomoa. Alijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha, "Bomoa. Nitakwenda kwa Alice, na huko sitakuwa na haja ya kusema uongo nikisema nimesafiri." Hatujazungumza tangu hapo. Nimemwagiza Mutembei aje Jumamosi. Nikajifungia ofisini mwangu, chumba changu cha kusomea ambamo hata watoto hawakupata kuingia bila hodi, ili nikuandikie kwa utulivu. Je, niibomoe, au mimi ndiye nimekosa mahali?

Mimi wako,
Naftaly, Manyatta

*

Mwalimu Naftaly,

Barua yako ilinifikia Jumatano, nami nimemsumbua mhariri mpaka akakubali kuichapa Ijumaa hii, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Kwa hiyo weka kalamu nyekundu chini usikilize, kwa maana una siku moja.

Pole. Nasema hivyo kwa moyo. Kumdanganyia mtu mlangoni huku kikombe chake kinagonga sahani si mzigo mdogo kwa mzee wa kanisa, na Regina, akisoma hapa, namwambia waziwazi: mama, "nimesafiri" ni uongo, na umemtwika mwenzio aubebe. Sema "nimepumzika." Neno hilo halijapata kumwua mwanamke yeyote, ijapokuwa wengi wetu tunaliogopa kuliko homa.

Huruma yangu kwako, Mwalimu, inaishia hapo.

Umeandika kurasa sita kwa mwandiko mzuri, na katika ukurasa wa nne, kati ya mlima na mto, umepitisha jambo moja haraka haraka kama mwanafunzi anayeficha jibu aliloiba. Uliwapitisha wanaume sita kando ya kitanda cha mkeo, na mmoja wao ni mkwe! Mimi ni mtu wa Meru na wewe ni wa Embu, lakini katika jambo hilo tumelelewa na mama mmoja. Mkwe hupokewa sebuleni, huketishwa, na hata mlango wa chumba cha ndani hurudishwa asije akaona kilicho nyuma yake. Mzee Mwaniki amemwozesha mwanawe kwa binti yenu, na wewe umempitisha mbele ya mto wa mkeo na nguo zake za kulalia ili aone mbao! Zamani wazee wangekutoza mbuzi kwa hilo kabla chai haijapoa. Unauliza kama umekosa mahali. Mwalimu, umekosa kwa miguu kumi na minne, ukihesabu na yako.

Sasa turudi melini, maana ni huko ulikoanzia kosa hili na hujui. Unadhani watu wale walilipia nini? Bahari inaonekana bure kutoka sitahani. Walilipia ule mlango. Walilipia mahali ambapo mtu anaweza kunywa kahawa na nywele zake zilivyo, akayatazama maji, na asiamkiwe na mtu wala asimwamkie mtu. Mjerumani yule hakukudharau. Alikuwa na saa moja ambayo si ya mtu mwingine, nawe ukaingiza kichwa ndani yake kuuliza hali ya watoto. Na Regina, aliyeipata saa hiyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na minane ya ndoa, ulimletea madobi watatu. Adabu yako ni njema, sina neno nayo, lakini adabu isiyojua mlango ni kelele.

Umeshangaa kwamba hafanyi kitu. Hebu nisaidie. Miaka thelathini na minane katika nyumba hiyo, ni nani aliyeinuka kila mtu alipopiga hodi? Uliisahau sukari siku moja, ukaona ni jambo la kuandikia gazeti. Hukusema ng'ombe hawakukamuliwa. Hukusema ulilala njaa, wala kwamba shamba limeota magugu. Ungeliona ungeliandika, nakujua ijapokuwa hatujaonana. Kazi imekwisha, na mwanamke ameketi. Hilo tu ndilo lililokukosesha usingizi.

Tena usiniambie roshani ni ugeni wa Wazungu. Babu yako alikuwa na thingira yake uani, nyumba ya mwanamume peke yake, na hakuna mwanamke aliyeingia humo bila kuitwa. Baba yako alikuwa nayo. Wewe unayo, ila umeipa jina la ofisi, na umejifungia humo ili uniandikie kwa utulivu kwamba mkeo anajifungia. Uliyaandika hayo mawili katika barua moja, Mwalimu! Hukuyasoma tena kabla ya kuitia barua katika bahasha?

Basi sikiliza utakavyofanya.

Fundi mwache aje. Asije na nyundo ya kubomolea. Aje na mbao, akutengenezee benchi refu mbele ya nyumba, chini ya mabati, na meza ya kuwekea chupa ya chai. Wageni ni furaha yako, kwa hiyo wawe wako. Kati ya saa tatu na saa tano utawapokea wewe, utawauliza habari za watoto hadi wachoke, na sukari utaitia wewe. Wakimwulizia Mama Igoki utajibu, "Amepumzika, atatoka saa tano," bila kuona haya. Mbaka akikutania, mpe kikombe.

Komeo usiliguse. Aliyeliweka ana sababu, na sababu hiyo ni wewe. Hata akija askofu, hutampitisha mtu yeyote katika chumba hicho tena.

Kabla ya hayo yote, kesho asubuhi, mara tu Regina atakapojifungia roshani na kabla Mutembei hajafika, utapika chai. Tafuta sinia. Weka vikombe viwili, kwa maana umeniuliza kwa nini mkeo alitengeneza viti viwili, nami nimekaa na barua yako siku nzima nikistaajabu kwamba mwalimu mkuu mzima ameshindwa na hesabu hiyo. Mbao hazikuharibika. Kiti hicho kimekungoja tangu mwezi wa pili. Kilikungoja hata melini, wewe ukapanda sitahani.

Utaupitia mlango wa chumba chenu, utasimama mbele ya mlango wa roshani, na utapiga hodi, katika nyumba yako mwenyewe, kama ulivyowafundisha watoto wako mlangoni mwa ofisi. Usimwite kwa jina la mtoto. Sema, "Regina, ni Naftaly. Niliwaleta watu chumbani kwako, na mkwe mmojawapo. Nisamehe." Halafu unyamaze, jambo ambalo litakuwa gumu. Asipofungua siku ya kwanza, acha sinia mlangoni urudi Jumapili. Akifungua, keti. Usimweleze kitu kuhusu meli, alikuwemo.

Na kama asubuhi hiyo mawingu yataondoka na mlima ukajitokeza wote hadi kwenye theluji, utazame. Usimwite mtu.

Mama Kajuju