Bomba la Kimanga

Jumanne jioni

Na bado shefu anataka nimwandikie barua ya kujieleza!

Bomba kubwa la maji la mtaa wa Kimanga lilipasuka saa mbili asubuhi. Mimi na mafundi wenzangu wawili tulikuwa tayari, na vifaa vilikuwa depo. Lakini shefu wetu mpya amekataza muntu kutoka bila saini yake, naye alikuwa mkutanoni, simu kaizima. Tukakaa. Kufika saa nane wamama walikuwa wanachota maji ya ziwa, na kipindupindu hakijatuacha.

Nikamwambia Mama Furaha, mtunza depo: "Fungua, mama. Nitajibu mimi."

"Weye utafukuzwa," akasema. Akafungua.

Saa kumi maji yalirudi, na shefu naye akarudi. "Nani alikupa ruhusa?" Hakuuliza hata kama bomba limezibwa.

Shefu wa zamani alivaa buti akaingia nasi kwenye tope, nasi kazi tuliikimbilia wenyewe. Huyu ametufundisha kungoja.

Naogopa kufukuzwa, watoto wanne wako shuleni. Lakini kinachoniuma zaidi ni zile saa sita nilizokaa kwenye benchi huku nikijua la kufanya.