Kiti Kilichosogezwa

Kaka yangu,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa Mama. Mguu wake unaendeleaje? Anaukanda kila asubuhi, au mpaka asukumwe? Mimi mwili mzima, nashukuru. Ila moyo unachemka, na kuni nyingine umezitia wewe.

Wifi ameniandikia kwamba kila Jumamosi, ukikaa kwa kinyozi, unawasimulia watu jinsi Fundi wa timu yetu alivyohongwa ili nishindwe. Eti ulimwona kwenye picha tu ukajua huyu ni mla rushwa. Kaka, umeyatoa wapi hayo? Hujawahi hata kumshika mkono!

Miaka tisa naendesha baiskeli kwa mshahara, na kazi yangu ni ile moja: kuondoka peke yangu, bila mwenzangu wa kunikingia upepo, nishindane na saa. Miaka yote hiyo Fundi ndiye aliyenikazia kila nati. Anapima kwa rula, anaandika vipimo kwa penseli kwenye utepe aliobandika chini ya kiti, kisha anapima tena. Wenzangu walimcheka, wakisema angeweza kupima hata kivuli chake. Mgongo wangu ulipoanza kuuma mwaka jana, ni yeye peke yake aliyegundua, kwa kutazama tu ninavyoshuka.

Siku ya mashindano ya taifa, zikiwa zimebaki dakika kumi zamu yangu ifike, mwamuzi aliiweka baiskeli kwenye kipimo akatikisa kichwa. Kiti kilikuwa kimesogea mbele kupita kanuni, upana wa kidole cha mwisho. Fundi alijaribu kukirudisha, lakini nati ilikuwa imekazwa vibaya mpaka imelika, spana haishiki. Nikapanda baiskeli ya akiba. Nikawa wa pili, kwa sekunde mbili. Na anayekwenda mashindano ya dunia ni wa kwanza tu.

Niliposhuka nilimtukana Fundi mbele ya timu nzima. Nilimwita mzee kipofu. Nikasema afadhali nati zangu zikazwe na mbuzi. Aliinama kwenye ile baiskeli iliyokataliwa akausoma utepe wake, akaniangalia, akafunga sanduku la spana. Kesho yake Meneja wa timu akamfukuza.

Sasa sikia vizuri. Kile kiti nilikisogeza mimi. Asubuhi ile mgongo uliniwaka, na Fundi alipokwenda kunywa chai nikachukua spana, tena isiyo saizi ya ile nati. Kanuni niliijua. Nilidhani mwamuzi atapima juu juu. Na wakati namtukana mtu mzima yule, kaka, nilikuwa najua.

Kwa hiyo Jumamosi hii nenda kwa kinyozi, usikae. Simama uwaambie ni dada yako. Na mambo ya mgongo usiyataje, usije ukanipatia wa kunihurumia.

Wiki tatu nilinyamaza. Nilipomwendea Meneja nikamweleza, alifunga mlango akaniambia nisijitie ujinga, wadhamini wameshaambiwa kosa ni la Fundi, yameisha. Nikamuuliza yameisha kwa nani. Akasema kazi yangu ni kukanyaga pedali, si kufikiri. Hasira zilinipanda. Siku hiyo hiyo nikawaandikia waamuzi, nikatia sahihi. Jana timu ilivunja mkataba wangu, na wavunje!

Fundi nilimkuta kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la rangi, ananyoosha gurudumu la baiskeli ya tarishi. Hakunikaribisha kukaa. Nikayasema yote nikiwa mlangoni. Akaniambia alijua tangu alipousoma utepe, kwa kuwa namba zake na kiti havikupatana, na hakuna mwingine aliyekuwa akiumwa mgongo. Nikamuuliza mbona hakujitetea. Akalizungusha gurudumu, akalitazama mpaka likasimama.

“Nilikuwa nakusubiri wewe useme,” akasema. “Siku ya kwanza nikakusubiri. Ya pili nikakusubiri. Ya tatu nikaenda kutafuta chumba cha kupanga.”

Kisha akachukua gurudumu jingine.

Msomee Mama barua hii yote, usiruke mahali. Nawabusu watoto. Wifi mwambie ahsante kwa kutonificha.

Ni mimi dada yako mdogo,
Mshale